Daftari la Joto na Mawimbi

Hezron Likhanga hakulirusha daftari motoni. Angelirusha labda ningemsamehe, maana mtu akirusha kitu unasema ni hasira. Yeye alifungua mlango wa tanuri ya dobini kwa ncha ya fimbo yake, polepole, kama anayeangalia kama viazi vimeiva. Akalichana daftari kati kwa kati. Akaingiza nusu ya kwanza, akangoja ishike moto, ndipo akaingiza ya pili.

Nilikuwa nimesimama na kitambaa chenye maji mkononi, nikaona ile michoro ya mawimbi, wino wa buluu, mistari inayopanda na kushuka, ikijikunja kabla karatasi yenyewe haijawaka. Kaka yangu Wafula alikuwa upande wa pili wa meza ya kupigia pasi na vijana wenzake wanne, wa tano akiwa mlangoni, watu wakubwa wenye ndevu za kwanza, na hakuna hata mmoja aliyenyanyua mkono.

"Nani amewapa ruhusa ya mkutano?" Hezron akauliza.

"Si mkutano, Mzee," Wafula akasema. "Ni fizikia."

"Fizikia ya nani?"

Wafula akageuka kutazama tanuri.

"Nimeuliza, mwandiko huu ni wa nani? Mimi ndiye hedimani, msimamizi wa landhi hii. Mwandiko wa mtu aliyeondolewa na serikali haulali hapa. Mnataka wazee wenu wafukuzwe kazi?"

Akafunga mlango wa tanuri kwa fimbo ile ile, akaenda zake. Mtihani ulikuwa umebakisha wiki tatu.

Hayo nimekaa nayo miaka mingi bila kuyaandika, kwanza kwa sababu kuandika si kazi yangu, niliishia darasa la nne. Lakini mwezi uliopita nilikuwa jikoni kwangu hapa Kabazi, nanyoosha sketi ya binti yangu Nekesa kwa pasi ya makaa. Yeye yuko Form Four, na alikuwa kwenye chumba cha pili anajisomea kwa sauti. Nikasikia swali kwa Kiingereza. Harufu ya wanga kwenye kitambaa cha moto ilikuwa imenijaa puani, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikalijibu swali lote, kwa Kiingereza, mpaka nukta.

Nekesa akaja mlangoni, kalamu iko sikioni.

"Mama! Hiyo umejulia wapi?"

"Kwa pasi," nikamwambia.

Akacheka. Akafikiri namtania. Basi nikakaa chini, pasi ikapoa, nikamweleza. Sasa nawaeleza na nyinyi wa rika langu mliokulia Nakuru ya siku zile, mnaojua landhi ni nini: safu za nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja kimoja, moshi na honi ya treni, na wengi wetu tumetoka huko magharibi. Baba alikuwa fayaman, mlisha moto wa injini ya mvuke. Mama alifua na kunyoosha nguo za wakubwa wa Milimani. Nilipomaliza darasa la nne Baba alisema shule itoshe, nimsaidie Mama, ili Wafula aendelee. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayehamisha kiti kutoka upande huu wa chumba kwenda upande ule.

Wafula alisoma shule ya sekondari iliyokuwa ng'ambo ya mji, kutwa, anakwenda kwa miguu na kurudi. Fizikia walifundishwa na Mwalimu Gathogo, mtu mwembamba mwenye koti moja na maneno machache. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari. Watu wa kabila lake walikuwa wanakusanywa kutoka mashambani na mjini, wanahojiwa, wanapakiwa kwenye mabehewa kurudishwa kwao. Yeye alijua zamu yake inakuja. Alikuwa hajafundisha mada mbili, joto na mawimbi. Akakaa siku kadhaa akaandika daftari: maswali arobaini na moja, kila swali na jibu lake kamili chini yake, na michoro. Siku aliyochukuliwa, Wafula alimkuta kituoni kwenye foleni na kifurushi chake. Mwalimu akampa daftari mbele ya askari, kama mtu anayemrudishia mwanafunzi kazi iliyosahihishwa.

"Mjiulize," alimwambia. "Msisome tu. Mjiulize."

Hilo ndilo neno lake la mwisho tulilolipata.

Vijana wakaanza kuja dobini kwa Mama kila alasiri. Meza yetu ilikuwa ndefu na mahali pale pana joto. Lakini daftari lilikuwa moja, na kila mmoja alimwogopa mwenzake: likienda kwake halitarudi. Kulinakili lote walisema ni kupoteza siku. Basi wakakubaliana likae kwangu. Mimi sina mtihani, sina hila. Usiku nalilaza chini ya nguo za wanga zilizokwisha kukunjwa, na alasiri ndiye ninayesoma swali na kuangalia jibu.

Sasa hapa ndipo kosa langu, na nitalitaja kama ninavyotaja ya wengine.

Kiingereza nilikuwa naweza kukisoma kwa sauti, herufi zote nazijua, lakini maana sikuwa nayo. Wakati huohuo nilikuwa kwenye darasa la ubatizo. Nyinyi mnakumbuka yale madarasa. Katekista anauliza, wewe unajibu, na jibu ni lile lile, neno kwa neno. Ukiacha neno moja unachapwa mguuni. Ukiacha mawili hubatizwi Pasaka hiyo. Mimi sikuchapwa hata siku moja. Kwa hiyo nilipopewa daftari lenye swali na jibu, nilijua mara moja ni kitu gani. Ni katekisimu ya Wazungu wa injini. Nilifikiri siku ya mtihani atakuja mtu mzito, pengine askofu wao, atauliza, na kijana atakayekosa neno moja hatapewa cheo.

Nikawa mkali, haki ya Mungu. Nilikuwa na kile kitambaa cha kulowesha nguo. Kijana akiacha neno, kitambaa kinalia shingoni. Paa!

"Weh, Katekista!" wakawa wananiita hivyo. "Hujaona umri wangu?"

"Rudia kutoka mwanzo."

"Nimesahau 'the' moja tu!"

"Katekista wetu kwa 'the' moja anakunyima ubatizo. Rudia."

Wakacheka, lakini wakarudia. Wafula alikuwa hodari kuliko wote kwa kukariri. Festo, mtoto wa Hezron hedimani, alikuwa wa mwisho, shingo yake haikukauka. Na kulikuwa na mmoja, Okello, mrefu, mtoto wa fundi wa breki, ambaye alinitoa machozi. Nikiuliza swali anafunga macho, anakuna kidevu, kisha anasema kitu kingine kabisa.

"Sivyo ilivyoandikwa," namwambia.

"Najua. Nimejibu kwa maneno yangu."

"Maneno yako nani ameyaomba?" Paa!

Kulikuwa na swali moja la joto alilokataa kabisa kulikariri. Wenzake wote walilishika. Yeye alisema, "Hilo jibu halina maana. Linaanza na maji yanayochemka, linaishia na kamba. Mwalimu hawezi kuandika hivyo." Nikamwambia kama amekuwa mkubwa kuliko Mwalimu asikae mezani kwangu. Nikamfukuza. Akahamia mlangoni, akawa anasikiliza amesimama, jua mgongoni.

Festo naye aliniomba daftari alale nalo usiku mmoja. Nikakataa. Akaomba tena, nikamwambia mbele ya wote, "Wewe hata ukilalia daftari, asubuhi litakuwa limeamka na wewe bado umelala." Walicheka sana. Niliona uso wake. Siku mbili baadaye baba yake akaja na fimbo. Festo alisimama pale pale na wenzake, akaangalia daftari likiungua, na daftari lile lilikuwa lake pia. Hajawahi kuniambia kama ndiye aliyesema ule mwandiko ni wa nani. Hajawahi kuniambia kama siye.

Hezron alipoondoka, Wafula aliketi juu ya kikapu cha nguo chafu, akaweka kichwa katikati ya magoti. Alisema, "Imekwisha. Nitakwenda kuomba kazi ya kufagia mabehewa." Mmoja wa wenzake alianza kulia kama mtoto, na mwingine akamkemea huku naye analia.

Mimi sikuelewa kwa nini wanalia. Haki ya Mungu, sikuelewa. Kwani katekisimu yetu ikiungua, imani inaungua?

"Wafula," nikamwambia. "Lete karatasi."

"Karatasi ya nini?"

"Swali la kwanza." Nikafunga macho, nikaanza. Swali, jibu, swali, jibu. Nilikuwa nimelisoma kila alasiri kwa wiki nyingi. Lilikuwa limo ndani yangu kama Baba Yetu. Niliposimama kuvuta pumzi, hakuna aliyekuwa analia. Wafula alikuwa amechukua karatasi ya kahawia ya kufungia nguo za Milimani na anaandika kama mtu anayefukuzwa na mvua.

Tuliandika siku tatu, na safari hii mlango umefungwa na Mama amekaa nje anasuuza, akiimba kwa nguvu mtu yeyote akikaribia. Siku ya pili tukafika kwenye lile swali. Nikalitaja: joto linaloingia katika maji yanayochemka bila kipimajoto kupanda, linasafiri toka mwisho huu hadi ule lakini kamba yenyewe haisafiri.

"Hapana," Okello akasema, ameegemea mlango uliofungwa.

"Wewe andika," Wafula akamwambia. "Wote tumelikariri hivyo."

"Mmekariri upuzi."

"Unataka kusema Mwalimu alikuwa mpuuzi?"

"Nasema kuna kitu kimepotea. Katekista, kumbuka vizuri. Ukurasa ule ulikuwaje?"

Nikaanza kusema ulikuwa kama kurasa nyingine. Kisha vidole vyangu vikakumbuka kabla yangu. Ukurasa ule ulikuwa mgumu. Ulikuwa mzito kuliko nyingine, unakwaruza, kama kola ya shati. Nikaona yote kwa mara moja: mimi, usiku wa kwanza, naweka daftari chini ya nguo ambazo wanga wake haujakauka. Kurasa mbili zilikuwa zimeshikana, na mimi nilipita juu yake kila siku, nikaunganisha kichwa cha joto na mkia wa mawimbi, nikawachapa watu shingo kwa sababu hawakuusema uongo wangu barabara.

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa siku mbili nilikuwa mtu mkubwa kuliko wote pale dobini. Nilijua nikisema, wataanza kutilia shaka kila nilichowapa.

"Zilishikana," nikasema. "Kurasa mbili. Ni wanga wangu. Humo ndani sijawahi kusoma."

Wafula akatupa kalamu. "Sasa tutajuaje hukukosea na mengine?"

"Yote mengine yana maana," Okello akasema. "Mimi nimeyapima yote nikiwa hapa mlangoni uliponifukuzia. Ni hilo tu." Akaja mezani, akaketi mahali pake pa zamani. Sikumzuia. "Hizo kurasa mbili tutaziandika wenyewe. Mwalimu alisema mjiulize. Haya, Katekista, njoo nikuulize."

Akanishika bega, akanipeleka mbele ya pipa la kuchemshia nguo, lilikuwa linatokota.

"Baba yako ana kovu mkononi. Lilitokana na nini?"

"Mvuke. Bomba la injini lilipasuka."

"Na wewe umewahi kumwagikiwa na maji yanayochemka?"

"Mara nyingi."

"Una kovu?"

Nikatazama mkono wangu. Alama ndogo tu.

"Kipimajoto kinasema maji haya na mvuke wake vina joto moja, sawasawa kabisa. Nimekiona kwa macho yangu shuleni: tulichochea moto na zebaki haikupanda tena. Sasa kama joto ni moja, kwa nini mvuke ulimla Baba yako mpaka ndani na maji yamekugusa juu juu?"

Nikasimama pale. Hakuna jibu lililoandikwa mahali popote. Nikaangalia kuni zikiwaka chini na maji yakiruka juu, na zebaki ile nisiyowahi kuiona imesimama mahali pamoja. Moto unaingia, unaingia, na hauonekani. Basi unakwenda wapi?

"Umeingia kwenye mvuke," nikasema polepole. "Ule moto wote. Mvuke umeubeba. Ukigusa ngozi… unautua."

Okello alichukua kitambaa changu chenye maji mezani, akajichapa nacho shingoni mwenyewe. Paa! Wote wakacheka, hata Wafula, na mimi nilikuwa nalia na sijui nalia nini. Wao waliliita letenti hiti, joto lililojificha. Mimi nilikuwa nimelitamka neno hilo mara mia bila kujua ni mkono wa Baba.

Ukurasa wa mawimbi tuliupata kwenye kamba ya kuanikia. Okello aliitikisa upande mmoja, mtikisiko ukakimbia mpaka mwisho, na vibanio vya Mama vikaruka kila kimoja mahali pake bila kusogea kwenda mbele. Wafula akaandika. Festo ndiye aliyeshika mwisho wa kamba, na siku hiyo alielewa haraka kuliko wote. Hilo nalisema kwa haki yake.

Siku ya tatu jioni, daftari la karatasi ya kahawia lilipokamilika, Wafula alisimama mbele ya Mama na wenzake wote. Akasema: "Nikipita, mimi mwenyewe nitamshika huyu mkono nimpeleke shule. Mama, wewe ni shahidi." Mama akaacha kuimba.

Walipita, wote sita, Festo kwa kusukumwa kidogo. Hezron Likhanga alisimama kanisani Jumapili akamshukuru Mungu aliyempa mtoto wake akili. Okello akawa mwalimu wa fizikia, amefundisha Kuresoi miaka mingi kwenye baridi ile, na nimesikia hachapi mtu. Wafula alipata nafasi ya kuendelea Kampala. Nilimsindikiza kituoni nikiwa nimevaa gauni nililolinyoosha mwenyewe kwa wanga mwingi. Akanipungia mkono dirishani. Aliporudi nilikuwa nimeshaolewa.

Nimetaja majina, nami najua watasema ni uchungu wa mwanamke wa shamba. Sawa. Hezron bado yu hai, anakaa kiti cha mbele kanisani na fimbo nyingine. Mimi simtaki anijibu mimi. Amjibu Mwalimu Gathogo, ambaye sijui kama alifika alikokuwa anapelekwa. Baba ameshakufa na kovu lake. Tulikuwa maskini, alichagua mmoja. Hilo nimemsamehe.

Lakini majuzi walimwalika Wafula kwenye shule ya Nekesa kutoa zawadi. Alikuja kutoka Milimani kwa gari, ana kitambi, ana miwani. Akawaambia wale watoto, "Sisi hatukuwa na vitabu. Hata daftari tulilokuwa nalo lilichomwa. Tulipita kwa akili zetu wenyewe." Walimpigia makofi. Mimi nilikuwa nimeketi safu ya nne kati ya wazazi. Nekesa akageuka akanitafuta kwa macho, na hakupiga makofi.

Nekesa atafanya mtihani wake mwisho wa mwaka huu. Juzi nilimuuliza lile swali la mvuke. Nilikuwa na kitambaa changu mkononi, kwa mzaha. Akafunga macho, akakuna kidevu, akasema kitu ambacho hakiko kitabuni kabisa, na kilikuwa sawa. Nilikianika kitambaa kikauke. Huyu hatakaa mlangoni kwa mtu.

Wafula, najua utapelekewa maandishi haya, nimehakikisha. Daftari la Mwalimu lilikuwa na maswali arobaini na moja, na yote ulijibu kwa mdomo wangu. Hili ni la arobaini na mbili. Ulipotoka kwenye dirisha la treni ile, ule mkono uliosema utanishika, uliuweka wapi?

Chukua muda wako, funga macho kama utapenda. Ila hili hakuna atakayekusomea jibu. Nijibu kwa maneno yako.